Kadi kwa Baba kutoka Jangwani

Missouri City, Texas
13 Mei 2018

Mdogo wangu Joyceline,

Usishtuke kuona bahasha, hakuna aliyekufa. Baba alifanya kazi posta mpaka akastaafu, na alitufundisha kwamba jambo la maana halimalizwi kwenye simu. Linaandikwa, linatiwa tarehe, linasainiwa. Basi hili ni jambo la maana: nimenunua trela.

Usicheke. Ni trela la kulala ndani, lina vitanda, jiko la gesi, na choo ambacho wifi yako Clara ameapa hataingia. Limetumika, na mlango wake unafungwa kwa kamba, lakini magurudumu ni mazima. Clara anasema nimerukwa na akili. Eti tumehangaika nusu ya maisha ili tuache kulala porini, leo natoa pesa nikalale porini. Yeye haji, ana zamu hospitalini. Wanangu nao wameshakua, hawataki kuonekana na baba yao.

Shule zikifungwa nitapita Euless nikuchukue wewe na watoto wako. Tutaelekea magharibi, New Mexico kwenye jangwa la mchanga mweupe, halafu Arizona tukaone lile korongo kubwa. Hutavuka mpaka wowote wa nchi. Nimemuuliza mwanasheria wako, amesema ndani ya nchi tembea utakavyo, ila ubebe ile karatasi yake kwa sababu kule kuna vizuizi vya uhamiaji barabarani. Ukitoka nje ya nchi tu ndipo faili lako la ukaazi litakapofungwa, na hilo sina haja ya kukukumbusha.

Unalea watoto peke yako, unashinda ghalani unabeba makasha ya watu. Njoo upumzike. Lete mchele. Samaki wa kukaanga ni marufuku ndani ya trela langu.

Kaka yako,
Wilfred


Euless, Texas
24 Mei 2018

Kaka Wilfred,

Shikamoo. Nimecheka mpaka Dorothea mdogo akaja mbio, "Mommy, what's wrong?" Nikamwambia mjomba wako amenunua nyumba yenye magurudumu na mlango wa kamba. Tunakuja. Likizo nimepata, na nimejinunulia gauni jekundu, maana sitaki kupigwa picha jangwani nimevaa sare ya ghalani.

Nimempigia Baba, amefurahi kuliko sisi. Amesema hataki picha za simu. Anataka kadi, yenye stempu, kutoka kila mahali tutakapolala, azipange kwenye kabati lake la vioo. Halafu akasema, "Makaratasi yako yakitoka, uje kwanza kwangu kabla hujaenda kwa mtu mwingine." Nikamwahidi. Sauti yake imepungua, kaka, umeisikia? Mama anasema ni kifua tu.

Nina sharti moja, nalo si la mzaha. Mwaka juzi Baba alilazwa mkanificha mpaka alipotoka. Mlisema hamkutaka kunitia wasiwasi. Tangu siku hiyo kila nikiongea na nyumbani nasikiliza kama kuna kitu nyuma ya maneno. Habari ya Baba ikija, nzuri au mbaya, niambie. Niahidi kwa maandishi.

Mdogo wako,
Joyceline

N.B. Samaki nitaleta.


Missouri City
2 Juni 2018

Joy,

Nakuahidi. Haya, imeandikwa na imesainiwa. Samaki acha.

Wilfred


(Kadi yenye picha ya vilima vya mchanga)

Alamogordo, New Mexico
20 Juni 2018

Baba, shikamoo.

Mchanga wa huku ni mweupe kama sembe, hata miguu haiungui. Tumeteleza kutoka juu ya kilima kwa sinia la plastiki. Mimi nilibiruka mara mbili, gauni limejaa mchanga, na watoto wamenipiga picha nikiwa chali. Kila mtu kwenye status yangu atanicheka.

Wilfred amenuna tangu jana. Anasema injini inapata joto. Leo hata chakula amekataa, labda anasikitikia mlango wake wa kamba.

Jana nilimpigia Mama kutoka kituo cha mafuta, akaniambia umeenda mjini kupimwa macho. Ukipata miwani mipya, kadi hii uisome ya kwanza. Stempu nimekuchagulia yenye ndege. Nampa Wilfred aitumbukize posta.

Mwanao,
Joyceline


Euless
8 Julai 2018

Wilfred,

Nilikuwa nakuita kaka na kukuamkia. Leo sina salamu.

Nataka nikuandikie nilichokiona mlangoni kwangu siku uliyoturudisha, kwa sababu wewe ulijifanya unafungua trela nyuma ya gari na hukutazama. Niliona viatu vingi. Viatu vya kike, vya kiume, vimejaa mpaka kwenye ngazi. Unajua nilidhani nini? Nilidhani makaratasi yametoka na mmeniandalia sherehe. Niliingia nikicheka, Wilfred. Niliingia mikono juu. Nikawakuta akina mama wenzetu wa Mesquite na Arlington wamekaa sakafuni na kanga zao, Clara ameshika glasi ya maji, na padri amesimama mbele ya televisheni. Clara akasema, "Kaa kwanza, wifi." Mtu akiambiwa akae kwanza, ameshaambiwa.

Baba alikufa siku ya kwanza ya mchanga. Alizikwa Jumamosi, na Jumamosi ile mimi nilikuwa Arizona ukingoni mwa lile korongo, na wewe ndiye uliyenishikia simu ukanipiga picha. Uliniambia nisogee kidogo kushoto.

Kadi zote nne nilimwandikia marehemu. Nilikuwa nakupa mkononi, unazisoma, unakwenda kuzitumbukiza. Hukulia hata mara moja?

Picha zangu nilizirusha kila tulipopata mtandao. Nimekuja kujua kwamba walifungua group la msiba, watu wote ndani isipokuwa mimi, na huku wakiwa wamekaa matangani wananitazama kwenye status nimeanguka chali na gauni jekundu. Shangazi zetu waliiona. Hakuna aliyeniambia "Joyceline, toa hiyo picha." Kila mmoja alisema Wilfred atamwambia akifika. Leo kule nyumbani Rombo nzima inajua kwamba binti wa Mzee Melkiori alikuwa anasherehekea baba yake akiwa mochwari.

Na Mama! Mama hajui kudanganya, hajawahi. Ulimpigia ukamtia uongo wa macho kinywani, mjane wa siku moja, ili mimi nisikusumbue safarini.

Mimi nisingeweza kwenda? Basi ningekaa jangwani nikalia. Ningevua lile gauni. Ningempigia simu Mama nikalia naye. Lakini wewe una pasipoti ya bluu ya Marekani, wewe ndiye kifungua mimba, udongo wa kwanza ulikuwa wako. Umemwacha baba mdogo Absalom aumwage kwa niaba yako, kwa sababu hukutaka kukatisha safari ya trela. Kisha uliniahidi kwa maandishi. Karatasi yako ninayo hapa.

Joyceline


Missouri City
19 Julai 2018

Joyceline,

Nimesoma barua yako. Clara naye ameisoma, akalia, ukitaka kujua.

Msiba hauambiwi mtu njiani. Unalijua hilo kama ninavyolijua mimi, wala sikulianzisha. Mtu anafikishwa kwake, anakalishwa, watu wanakuwepo wa kumshika. Wewe ulitaka nikwambie wapi? Kwenye kituo cha mafuta, watoto wakilamba barafu? Ningekushikaje, na trela liko nyuma, na mji wa karibu sijui uko wapi?

Na tuseme kweli: ungekwenda. Unasema ungekaa jangwani ulie. Nakujua tangu unabebwa mgongoni. Ungeshuka kwenye uwanja wa ndege wa kwanza kwa kandambili na usingerudi tena nchi hii, na wale watoto leo wangekuwa wanamlilia mama kwa video. Faili lako lingekuwa limefungwa. Miaka yote ile ghalani ingekuwa bure.

Nililia. Kila nilipokwenda kununua barafu nilikuwa nakwenda bombani kunawa uso. Nilikwambia injini inapata joto kwa sababu ulikuwa unanitazama.

Usimtafute mwingine wa kulaumu. Mimi ndiye niliyeamua. Kuhusu udongo wa Baba sitakujibu.

Wilfred


Mashati, Rombo
12 Agosti 2018

Mwanangu Wilfred,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii nampa Sadock, mtoto wa jirani, anarudi masomoni huko Houston. Sikutaka kusema haya kwa simu, kwa sababu msichana wa kazi ndiye anayenifungulia sauti za WhatsApp na masikio yake ni marefu.

Joyceline amenisomea kwenye simu aliyokuandikia na ulivyomjibu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha baba yako. Alipofika pale uliposema "mimi ndiye niliyeamua" ilinibidi nijifanye nakohoa.

Mwanangu, umenisitiri. Nakumbuka ulivyoniuliza siku ile, "Mama, nimwambie?" nikasema hapana. Ukaniuliza tena, nikakukemea. Ukasema basi wewe uje peke yako, nikakwambia ukimwacha njiani atajua, kaa naye mpaka umfikishe. Nilikunyima udongo wa baba yako, na uongo wa macho niliutunga mwenyewe, nikiwa nimeshika mkono wake umeshapoa. Simu ililia ikiwa na jina la Joyceline, nikasema lililokuja kinywani.

Niliogopa. Angekuja, asingerudi. Mume alishamkimbia, nani angewalea wale watoto? Niliona bora nimlize mara moja kuliko alie maisha yake yote.

Sasa nakuomba jambo gumu. Usimwambie. Wewe hunipigii sana, sikulaumu, ndivyo ulivyoumbwa, umetoka kwa baba yako. Yeye hunipigia kila jioni akitoka kazini. Nyumba hii imekuwa kubwa, kelele yake pekee ni simu hiyo. Akijua ni mimi, haitalia tena. Wewe akikuchukia una Clara, una wanao. Una moyo mgumu, utabeba. Najua mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi ndiye ninayesema hivyo nikiwa nimekutwika. Nisamehe.

Kadi zake zimefika zote nne, mbili zikiwa zimelowa. Nimezipanga kwenye kabati la vioo, mbele ya miwani ya baba yako, ileile ya zamani.

Mama yako,
Dorothea


Euless
30 Aprili 2019

Wilfred,

Zawadi uliyomtumia Dorothea mdogo ya komunio ya kwanza nimeirudisha. Ameuliza mjomba yuko wapi, nikamwambia yuko kwake, pembeni ya Houston, jambo ambalo ni kweli.

Usije kwenye sherehe. Watu wa kanisani wamenishauri, padri ameniita mara mbili. Mama naye kila jioni, "Msamehe kaka yako, mwanangu, msamehe," mpaka sauti inamkatika. Unaona alivyo? Uliyemlazimisha kudanganya siku aliyofiwa ndiye anayekutetea wewe. Namwambia, "Mama, hapa duniani nimebakiwa na mtu mmoja tu ninayemwamini, na ni wewe." Hulia nikisema hivyo.

Joyceline


Missouri City
8 Desemba 2019

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Clara amesikia kwa watu wa Mesquite kwamba makaratasi ya Joyceline yametoka. Mimi hakuniambia, bila shaka wewe ulijua siku hiyohiyo. Namshukuru Mungu.

Mama, sasa hakuna faili la kufungwa. Anaweza kuja na kurudi. Ile hofu yetu imekwisha. Nakuomba umwambie. Sikuombi unisafishe, umwambie tu kwamba niliuliza. Umwambie niliuliza mara mbili.

Clara ndiye anayejua peke yake, nilishindwa kumficha. Kila Jumapili ananiuliza mpaka lini. Trela liko nyuma ya nyumba, majani yameota mpaka madirishani, silisogelei. Mimi si mgumu kama ulivyodhani.

Mwanao,
Wilfred


Mashati, Rombo
20 Januari 2020

Mwanangu,

Joyceline amekata tiketi, atakuja Pasaka na watoto wote. Atakaa mwezi mzima.

Nitamwambia mimi mwenyewe. Nitamkalisha kule kihambani, chini ya migomba yetu, kwenye kaburi la baba yake, nimwambie yote, pamoja na kuuliza kwako mara mbili. Akinikasirikia nitakuwa namwona usoni, na hatakuwa na simu ya kunikatia. Mambo haya ni ya ana kwa ana. Nimeshamwonjesha kidogo, nimemwambia ukija nina neno nawe.

Umebeba muda mrefu. Bado kitambo kidogo, vumilia mpaka Pasaka.

Mama yako,
Dorothea


Euless
14 Juni 2020

Wilfred,

Nakuandikia kwa sababu ndivyo Baba alivyotulea, si kwa sababu nimesahau.

Wewe sijui ulimzika Mama kutoka wapi. Mimi nilimzika kutoka jikoni. Simu niliiegemeza kwenye sufuria, padri amevaa barakoa, watu wachache wamesimama mbalimbali, halafu mtandao ukakatika pale pale walipokuwa wanashusha jeneza. Uliporudi nikaona mgomba tu. Aliyekuwa anashika simu alikuwa ameinamisha mkono.

Ndege yangu ilifutwa wiki moja kabla ya Pasaka. Mama alisema, "Hakuna neno, nitakungoja." Mwanzoni mwa Mei akaanza kubanwa kifua. Safari hii hawakunificha. Binamu alinipigia nikiwa ghalani nimesimama katikati ya makasha, akasema moja kwa moja, "Joyceline, Mama amefariki." Hakuna aliyeniambia nikae. Nilikaa mwenyewe, sakafuni. Iliniuma kama kufa, lakini ilikuwa yangu, na nililia siku iliyokuwa ya kulia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nataka kwa Baba.

Nina swali moja, na baada ya hapo sitakusumbua tena. Tangu Januari Mama alikuwa akiniambia, "Ukija, nina neno nawe." Nikimwomba aniambie kwa simu anakataa, anasema si la simu. Siku zake za mwisho, akihema kwa shida, alisema tena, "Lile neno, mwanangu. Lile neno." Halafu akaanza kukohoa na yule msichana akachukua simu.

Silali. Nafikiria labda ni ugonjwa aliokuwa anaujua. Labda kuna nililomkosea. Mama hakuwahi kunificha kitu maisha yake yote, isipokuwa siku ile ya macho, na maneno yale hayakuwa yake. Ndiyo maana neno hili linanitesa. Mama na siri havikai pamoja.

Ulikuwa unamwandikia, Sadock aliniambia alishawahi kukuletea barua yake. Kama unalijua neno hilo, niambie. Ukiniambia ukweli safari hii moja tu, nitakuja Missouri City mimi na watoto, nitakaa mezani kwako, na nitakuita kaka.

Joyceline


Missouri City
27 Juni 2020

Joyceline,

Pole sana, mdogo wangu. Mimi nilimzika Mama nikiwa ndani ya trela. Clara ana wagonjwa wa corona hospitalini, kwa hiyo analala chumbani na mimi nalala huko nyuma. Niliona mgomba huohuo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye kile kitanda ulichokuwa unalalia wewe na Dorothea mdogo. Nimekuandikia majibu mengine kabla ya hili, marefu. Clara amenisihi nitume refu kuliko yote. Nimeyachana.

Usijitese. Mama hakuwa na siri nawe. Barua aliyonitumia kwa Sadock ilikuwa inanigombeza kwa kutompigia simu. Neno lenyewe, ninavyolijua mimi, ni kadi zako. Alizipanga kwenye kabati la vioo mbele ya miwani ya Baba, na alitaka akuonyeshe kwa mkono wake kwamba zilifika. Alikuwa akisema simu yako ya jioni ndiyo kelele pekee iliyobaki katika nyumba ile. Ulimtunza. Lala.

Kuhusu siku ile ya macho, ulisema kweli tangu mwanzo. Mama hakutaka. Mimi ndiye niliyemfundisha la kusema.

Wilfred